Nimekwama kwenye pointi 1140: tatizo ni mtindo wangu au kichwa changu?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 36, nina duka la vifaa vya ujenzi Tabora. Drafti nimecheza tangu darasa la nne, na kijiweni kwetu wananiheshimu. Sataranji nilijifunza kwenye simu wakati wa korona. Sasa hivi naicheza kila siku, gemu za dakika tatu tatu, zaidi usiku nikishafunga duka. Nimeshacheza gemu 4,300. Pointi zangu za Chess.com hazijawahi kuvuka 1190, zikishuka zinafika 1080, na huu ni mwezi wa 14 hali ni hiyo hiyo. Rafiki yangu tuliyeanza naye ana 1450 kwenye mtandao wa Lichess. Mimi napenda kushambulia. Nikiona mfalme amejificha pembeni natoa askofu kwa kitunda kilichoko chumba cha h7, mtu anachanganyikiwa. Nimetazama video nyingi za ufunguzi wa London na Trompowsky, hatua nane za kwanza nazicheza nimefumba macho. Lakini nikipoteza gemu moja, napoteza tano. Juzi nimelala saa nane usiku, mke wangu anasema nimeoa simu. Sasa nauliza: niache kushambulia nijifunze kucheza taratibu? Ninunue usajili wa kulipia? Au umri umeshapita na kichwa changu ndipo kilipofika? Nimekuwekea gemu zangu 20 za mwisho uzipitie."

Marahaba kaka. Umeuliza maswali matatu, lakini nilipousoma ujumbe wako mara ya pili niliona yote yana mzizi mmoja. Mtu anayeheshimiwa kijiweni kwa drafti anapigwa na watoto asiowajua kwenye simu, haelewi kwa nini, na ameanza kujihisi mjinga. Hilo tuliondoe kwanza, maana ukilibeba hutasikia mengine.

Michezo yako 20 nimeipitia jioni mbili, juu ya ubao wa mbao, kete moja moja, bila kuifungua injini, ile programu ya kompyuta inayochambua michezo. Umeshinda 10, umepoteza tisa, mmoja sare. Sare yenyewe ilinitia uchungu: ulikuwa na malkia, mwenzako amebaki na mfalme peke yake, ukamfungia njia zote bila kumpa shaha, yaani bila kumtishia mfalme wake, mchezo ukakwama. Katika ile tisa uliyopoteza, mitano uliacha kete haina mlinzi ikaliwa. Miwili ilikuwa kafara ya h7 ambayo haikulipa. Mmoja ulimalizwa na saa ukiwa unaongoza. Na mmoja tu, nasema mmoja, mwenzako alikuzidi kweli akili ya mchezo. Kwa hiyo swali la kama kichwa chako kimefika mwisho hatuwezi hata kulijibu, kwa sababu katika michezo hiyo minane mingine kichwa chako hakikushindwa. Hakikupewa nafasi ya kufanya kazi.

Sasa hili la mtindo. Usiache kushambulia. Ila niwe mkweli, kwa kiwango chako mtu huwa hana mtindo bado, ana mazoea. Mikhail Tal wa Latvia, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1960 akiwa na miaka 23, alikuwa na mtindo wa kushambulia, kwa sababu angeweza pia kukaa mchezo mzima akilinda na bado akamshinda karibu kila mtu duniani. Alichagua moto. Wewe hujachagua, unafuata mkono ulivyozoea. Na mkono wako nadhani najua ulizoezwa wapi.

Ulizoezwa na drafti. Sisemi hivyo kuidharau, baba yangu alikuwa mtu wa drafti na mpaka leo nikipita kijiweni lazima nisimame. Ila fikiria kanuni yake moja: kula ni lazima. Mwenzako akikuwekea kete mdomoni, huna ruhusa ya kukataa. Ndiyo maana fundi wa drafti hutoa kete moja, anatoa ya pili, wewe unakula huku unajua unaelekea shimoni, halafu yeye anaruka tatu na kuingia kingi. Kafara ya drafti inafanya kazi kwa sababu sheria imemfunga mpinzani mikono. Unajua atakwenda wapi kwa sababu hana pengine pa kwenda.

Kwenye sataranji hakuna sheria hiyo. Mpinzani anaweza kula, anaweza kuacha, anaweza kupuuza kabisa unachofanya na kwenda kufanya jambo lake upande wa pili wa ubao. Kinachombana kweli ni shaha, maana mfalme akitishiwa lazima aokolewe. Baada ya shaha kinachombana, kwa kiasi fulani, ni tishio kubwa la kete yenye thamani. Zaidi ya hapo mtu yuko huru. Nilipokuwa napitia michezo yako nilikuwa nauona mkono wa drafti kila baada ya hatua tatu nne: unakula kila kinacholika, hata pale ambapo kula kunamfungulia mwenzako mstari wa ngome yake (ile kete ya pembeni), na unatoa kete ukiamini kwamba atakwenda pale ulipompangia. Unacheza hatua zako na za kwake. Yeye hajasaini mkataba huo.

Nikuonyeshe kwenye michezo yako mwenyewe. Mchezo wa 4 na wa 13 ni mchezo ule ule. Una nyeupe. Unapeleka kitunda d4 (kila chumba cha ubao kina jina la herufi na namba), yeye anatoa farasi f6. Unatoa askofu g5, huo ndio ufunguzi wako wa Trompowsky. Yeye anasogeza kitunda cha c hatua moja tu, c6. Hatua ya kinyonge, haigusi chochote. Wewe, chini ya sekunde moja (saa inaonyesha), unaweka kitunda e3 kama video ilivyokufundisha. Malkia wake anatoka d8, anapita c7 na b6, anatua a5. Shaha. Wakati huo huo kutoka a5 anaangalia mstari mzima wa tano hadi g5, ambako askofu wako amekaa bila mlinzi. Unaziba shaha, anakula askofu. Hatua tatu tu, na umeshapungukiwa kete ya pointi tatu.

Usione haya sana, mtego huo ni wa zamani. Mwaka 1984 kwenye mashindano huko Yugoslavia mchezaji mmoja alicheza hatua hizo hizo tatu, akaona malkia ametua a5, akakubali kushindwa palepale. Tofauti ni kwamba yeye naamini hakurudia. Wewe ulirudia baada ya michezo tisa, kwa sababu mchezo wa 4 ulipoisha ulibonyeza kitufe cha mchezo mwingine kabla hata hujajiuliza askofu wako alikwenda wapi.

Tazama ilivyokuwa. Ile c6 haikuwa ya kinyonge. Kitunda kilipotoka c7 kilimfungulia malkia mlango. Kila kete inayosogea inafanya mambo mawili: inagusa kitu kipya mbele, na inaacha kitu nyuma. Anayeanza huangalia mbele tu, hiki kitunda kinanitishia nini, hakinitishii kitu, basi naendelea na yangu. Aliyekomaa anauliza pia kimefungua nini. Ungejiuliza hivyo sekunde tano tu, ungemwona malkia.

Hapa ndipo napenda watu waelewe kwa nini kukariri ufunguzi hakusaidii mtu wa pointi 1100. Video inakufundisha hatua nane dhidi ya mpinzani aliyesoma kitabu kile kile. Mpinzani wako wa usiku hajasoma. Kwenye hatua ya pili au ya tatu anafanya kitu ambacho hakimo kwenye video, na wewe unaendelea kusoma dua ya kitu kingine. Nimehesabu: katika michezo 20, ni minne tu iliyofuata mpango wako hadi hatua ya sita. Jua tu kwamba kete zitoke, ushike katikati, mfalme afungiwe ngomeni mapema (ile hatua ya kumhamishia pembeni, ngome ikikaa kando yake), basi. London iendelee, ni ufunguzi wa kuaminika na hauna mitego mingi. Trompowsky ningeiweka kando mwaka huu. Video za ufunguzi ningeziacha kabisa mpaka uvuke 1500.

Tuje kwenye kafara yako uipendayo. Askofu kwa kitunda cha h7 si uchawi wa mtandaoni. Mwitaliano Gioachino Greco aliiandika kwenye mikusanyo yake ya michezo karne ya 17, miaka karibu 400 iliyopita, na tangu hapo imewaua wafalme wengi. Mpango wenyewe unaujua: askofu anakula h7 kwa shaha, mfalme anamla, farasi wako anaruka g5 kwa shaha, mfalme anarudi g8, malkia wako anatua h5 na sasa unatishia kumfunga pale h7.

Hesabu kilichomlazimisha mpinzani. Hatua ya kwanza shaha, ya pili shaha. Ya tatu, malkia h5, si shaha! Hapo mwenzako anapumua. Ana hatua moja huru, na maisha ya shambulio lako lote yako kwenye hatua hiyo moja. Katika mchezo wa 9 mlishabadilishana maaskofu wa vyumba vyeusi, malkia wake yuko d6, farasi wake yuko d7, kitunda chako kiko e3. Ulipotua h5, farasi akaruka kutoka d7 hadi f6. Kwa hatua hiyo moja analinda h7 na anamtishia malkia wako. Ukamkimbiza malkia, shambulio likapoa, umebaki na kitunda kimoja badala ya askofu. Mchezo wa 16 ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba ngome yake ilikuwa imeshahama f8, kwa hiyo farasi alirudi f8 na kulinda kutokea huko.

Kwa hiyo kabla ya kutoa askofu jiulize: farasi wangu atafika g5 bila kuliwa bure? Malkia atafika h5? Na je, mwenzangu anaweza kuilinda h7 kwa hatua moja, ama kwa farasi wa f6 au f8, ama kwa askofu au malkia kuingia kwenye mshazari wa kutoka b1 hadi h7? Swali hilo la tatu ndilo hujawahi kuuliza. Lipo na la nne, gumu zaidi: mfalme halazimiki kurudi g8, anaweza kutoka nje kwenda g6, na mara nyingine hiyo ndiyo inayomwokoa. Ukiwa na dakika tatu kwa mchezo mzima hili la nne hulijibu. Unabahatisha.

Na hilo ndilo linanipeleka kwenye saa, ambayo kwa maoni yangu imekudhuru kuliko drafti.

Michezo 4,300. Hata tukikadiria dakika tano kwa kila mmoja, ni zaidi ya saa 350. Ni muda mwingi kweli kwa mtu mwenye duka. Lakini akili hujifunza sataranji kwa namna yake. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani William Chase na Herbert Simon walimwonyesha bingwa ubao kwa sekunde tano kisha wakauficha, wakamwomba azipange kete kama alivyoziona. Ubao ukitoka kwenye mchezo wa kweli, alizirudisha karibu zote, wakati anayeanza alikumbuka chache. Walipozitawanya kete ovyo, zisizo na maana yoyote, bingwa naye akawa kama anayeanza. Maana yake hana kumbukumbu ya ajabu. Amehifadhi vipande vya maana: hapa mfalme kafungiwa ngomeni na vitunda vitatu, hapa farasi kambana malkia, hapa mstari umefunguka. Anaona maneno pale ambapo wewe bado unaona herufi.

Vipande hivyo huingia kichwani kwa njia moja: unatazama, unafikiri, unakosea, unagundua umekosea wapi, unakutana nacho tena. Mchezo wa dakika tatu unakupa kutazama na kukosea. Kufikiri hakuna muda, na kugundua hakuna kabisa kama unabonyeza mchezo mwingine. Unachofanya mara 4,300 ni kuyakaza mazoea uliyonayo. Mchezo wa haraka ni mtamu, mimi mwenyewe naucheza, lakini mtu anautumia kuonyesha anachokijua tayari. Nilikaa karibu miaka miwili nikiwa kama wewe, nikijiaminisha kwamba wingi wa michezo utanipandisha siku moja. Kilichonitoa ni kuharibika kwa simu. Mwezi mzima nilicheza juu ya ubao na jirani mmoja mstaafu, polepole, anayetafuna karanga na kunikera, na niliporudi mtandaoni nilikuwa mtu mwingine.

Tuliweke sawa suala la pointi pia, maana naona linakuumiza bila sababu. Hesabu hii ilianzishwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia Marekani mzaliwa wa Hungaria, na shirikisho la dunia FIDE liliipokea mwaka 1970. Mitandao inatumia mifumo iliyotokana na wazo lake. Pointi hupima jambo moja, nafasi yako dhidi ya wale mnaocheza kwenye dimbwi lile lile. Anayekuzidi pointi 100 anatarajiwa kupata kama 64 katika kila pointi 100 za michezo baina yenu, anayekuzidi 200 kama 76. Mtandao unakupangia watu wa kiwango chako makusudi, kwa hiyo ukishinda nusu na kupoteza nusu mambo yako sawasawa. Ukifika 1500 bado utapoteza nusu, kwa watu wagumu zaidi. Na kupanda na kushuka kati ya 1080 na 1190 ni mawimbi ya kawaida, usiku mmoja mbaya unatosha.

Rafiki yako wa 1450 je? Lichess humwanzishia kila mgeni 1500, na dimbwi lake ni la watu wengine. Kwa viwango vya chini namba za kule huwa juu kuliko za Chess.com kwa mamia ya pointi. Inawezekana kabisa kwamba mko sawa. Mwite mcheze michezo kumi ya dakika 15, mtajua.

Na umri. Mtoto wa miaka tisa atajifunza haraka kuliko wewe, huo ndio ukweli, na ubingwa mkubwa wa kimataifa kwa aliyeanza baada ya thelathini ni ndoto ambayo sitakuuzia. Ila kutoka 1140 hadi 1500 hakuhitaji utoto. Kunahitaji kuacha kugawa kete bure. Nina mwanafunzi, mama wa watoto wanne, aliyeanza na miaka 41, na siku hizi nikichelewa kufungia mfalme ngomeni ananifunga.

Nifanye nini basi, utauliza. Kwa miezi mitatu cheza michezo ya dakika 15 yenye nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Miwili kwa siku inatosha, na siku ya duka kujaa hata mmoja. Nyongeza hiyo inakuokoa pia mtandao ukikatika kidogo au bando likisuasua, kwa sababu hufi kwa saa ukiwa unaongoza kama mchezo wa 18. Kabla ya kugusa kete, kila mara, jiulize: hatua yake imegusa nini, imefungua nini, na nikicheza hivi analazimika kufanya nini? Mwanzoni itakuchosha. Wiki ya pili utapoteza zaidi kuliko kawaida, kwa sababu unaongeza kazi kwenye kichwa kilichozoea kukimbia. Nakuambia mapema ili usikate tamaa na kurudi kwenye dakika tatu.

Kila siku fanya mafumbo kwa dakika 15, na yawe mepesi. Watu hupenda mafumbo magumu kwa sababu yanawapa sifa, lakini unachohitaji ni kuona mambo madogo mara moja bila kufikiri: uma, pale farasi anapotishia kete mbili kwa mpigo, kubanwa, pale kete haiwezi kusogea kwa sababu nyuma yake yupo mfalme, na mshikaki, pale kete kubwa iko mbele na ndogo nyuma, ya mbele ikikimbia ya nyuma inaliwa. Ukikosa fumbo, lifanye tena kesho yake.

Mchezo ukiisha, usifungue injini. Kaa nao dakika tano, tafuta wewe mwenyewe hatua ambayo upepo ulibadilika, iandike kwenye daftari kwa sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida. "Sikuona c6 imefungua malkia." Ndipo ufungue injini uone kama mmekubaliana. Injini kama Stockfish ni bure na inamshinda binadamu yeyote, lakini inakwambia jibu, haikwambii kwa nini hukuliona. Ule mshale wake wa kijani ukiuangalia kwanza, kichwa kinajidanganya kwamba kilijua. Asilimia za usahihi wanazokupa mwisho wa mchezo usizijali kabisa. Mchezo wa 7 ulipata 91 kwa sababu mwenzako alikupa malkia kwenye hatua ya sita.

Miisho ya mchezo tutaizungumza siku nyingine. Kwa sasa jifunze kumfunga mfalme aliye peke yake kwa malkia, kisha kwa ngome, mpaka uweze ukiwa na usingizi.

Usajili wa kulipia: bado. Lichess inaendeshwa kwa michango, haina matangazo, na mafumbo na uchambuzi wake wote ni bure. Nisiseme kwamba kulipia ni wizi, masomo ya Chess.com yamepangwa vizuri na mtu asiye na nidhamu anaweza kusaidiwa na mpangilio huo. Lakini kwa pesa ya miezi michache ya usajili utapata ubao na kete zake, na kwa hali yako ubao ni dawa bora zaidi.

Ubao unahitaji mtu wa upande wa pili, kwa hiyo tafuta watu. Uliza kwenye shule za sekondari zilizo karibu, huwa kuna mwalimu anayependa mchezo huu, au anza na mmoja wa kijiweni, mwenye drafti hachelewi kuelewa. Ukisafiri Dar, waulize watu wa chama cha sataranji wakuelekeze wanakokutana. Mwalimu akikaa na wewe saa mbili akuangalie unavyocheza, ataona mambo ambayo mimi sioni kwenye orodha ya hatua: unakimbiza mkono, macho yako yanabaki upande mmoja wa ubao, unashika kete kabla hujaamua. Ubaoni ukigusa umecheza, na kanuni hiyo peke yake itakutibu haraka. Ukiingia mashindano rasmi usilinganishe namba, tangu Machi 2024 orodha ya FIDE haina mtu chini ya 1400.

Mke wako. Nimelichelewesha, ingawa kwenye ujumbe wako ndilo lililonishtua. Ukipoteza mmoja na kisha mitano, hiyo ni hasira inacheza, wewe umeshaondoka. Weka sheria: ukipoteza miwili mfululizo, simu chini mpaka kesho. Saa nne usiku, simu chini hata kama umeshinda, na iwekwe chumba kingine. Wengi hilo linawatosha. Ila ukijikuta umeweka sheria na kuivunja wiki baada ya wiki, unaficha simu, unakosa usingizi, duka linafunguliwa saa tano asubuhi, au umeanza kucheza kwa kuwekeana pesa, hapo mwalimu wa sataranji hafai tena. Ongea na daktari au mshauri nasaha ana kwa ana, na umwambie mkeo kwamba umekwenda.

Nimalizie na mchezo wa 11, ule ulioutaja pembeni kuwa "wa bahati". Humo pia ulitoa askofu kwa h7, na ukashinda hatua tisa baadaye. Haukuwa na bahati yoyote. Mlikuwa mmeshabadilishana farasi pale e5, ukala kwa kitunda cha d, kwa hiyo kitunda chako kilikuwa kimesimama e5 na kinailinda f6. Farasi wake wa d7 aliitaka sana f6, asingeweza kuruka humo bila kuliwa. Ngome yake ilikuwa bado imekaa f8, kwa hiyo huko nako hakuna nafasi. Farasi wako wa pili alikuwa ameshatoka d2 na kufika f3, tayari kwa g5. Ulipotua h5 na malkia, mwenzako alikuwa na hatua yake moja huru, na hakukuwa na pa kuitumia. Upange ubaoni leo, uondoe kitunda hicho cha e5, uone kinachotokea. Kisha ukirudishe.